Presha ya mafuta kwenye gari la kabureta: pima kwanza, pampu baadaye

Gari linawaka vizuri asubuhi na linatembea bila shida kwenye mwendo wa polepole. Ukiingia barabara ya kasi au ukianza kupanda mlima, linakosa nguvu, linajikwaa, mwisho linazima. Unasubiri robo saa, unapiga stata, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Au shida ni kinyume chake: moshi mweusi, harufu ya petroli hadi ndani ya gari, plagi zimejaa masizi, na kabureta unaikuta imelowa kwa nje. Dalili hizi mbili hazifanani hata kidogo, lakini zote zinaweza kuwa zinatokana na presha ya mafuta kutokuwa pale inapotakiwa.

Kinachoniuma ni kuona pampu nzima zikitupwa. Pampu ndiyo ya kwanza kulaumiwa kwa sababu inafahamika na inafungika kwa boliti mbili tu, kumbe ubovu uko kwenye mfuniko wa tangi, kwenye mpira uliochakaa, au kwenye sindano ya kabureta yenyewe. Mwongozo huu unafuata njia ya mafuta kutoka tangini hadi kwenye bakuli la kabureta, na unakuonyesha jinsi ya kupima kila sehemu kabla hujatoa hela.

Presha inafanya kazi gani hasa

Gari la injekta hutumia presha kurushia mafuta, ndiyo maana presha yake ni kubwa, mara nyingi kati ya psi 30 na 60 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Kabureta haifanyi hivyo. Mafuta yanayoingia kwenye injini yananyonywa na hewa inayopita kwenye koo la kabureta. Pampu haiyasukumi humo. Kazi ya pampu inaishia kwenye bakuli: inalijaza, floti (boya dogo lililo ndani ya bakuli) inapanda na mafuta, floti inasukuma sindano, sindano inaziba tundu, mafuta yanasimama. Injini ikinywa, floti inashuka kidogo, sindano inaachia, mafuta yanaingia tena.

Kwa hiyo presha kubwa haiongezi nguvu ya gari. Ikizidi uwezo wa floti, sindano inasukumwa na kuachia, bakuli linafurika, na petroli inamwagika kwenye koo la kabureta bila mpangilio. Ikipungua, bakuli halijai kwa kasi ambayo injini inakunywa.

Viwango vinatofautiana. Kabureta nyingi za magari ya kawaida zinataka psi 3 hadi 6, yaani takriban bar 0.2 hadi 0.4. Kwa aina za kabureta, SU nyingi hazipendi kupita psi 3. Weber za koo mbili za pembeni zinakaa vizuri karibu na psi 3. Holley za injini kubwa za V8 zinapenda psi 5 hadi 7. Namba ya gari lako iko kwenye kitabu chake cha matengenezo, na hiyo ndiyo ya kufuata. Hizi ni za kukupa picha tu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hulisahau: presha na ujazo ni vitu viwili. Presha ni nguvu ya kusukuma, ujazo ni kiasi kinachopita kwa dakika. Filta iliyoziba nusu inaweza kukupa presha nzuri kabisa injini ikiwa kwenye silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kwa sababu mafuta yanayotumika ni kidogo na mstari una muda wa kujaa. Ukikanyaga, mahitaji yanapanda na presha inaanguka. Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100, likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linatumia lita 10 kwa saa, yaani karibu mililita 170 kwa dakika. Injini hiyo hiyo ikibanwa mlimani kwa nguvu zake zote, tuseme nguvu farasi 100, inaweza kuhitaji karibu nusu lita kwa dakika. Ni mara tatu. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zima kwenye barabara tambarare na gonjwa kwenye mlima.

Kabla hujagusa spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo, ukisubiri cheche. Fanyia kazi nje, mahali penye upepo, injini ikiwa imepoa. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna taa ya balbu ya kioo chini ya boneti. Weka karibu kizima moto cha unga, si ndoo ya maji: petroli inaelea juu ya maji na moto unasambaa.

Chomoa terminali hasi ya betri kila unapofungua bomba la mafuta, na uirudishe tu pale kipimo kinapohitaji umeme. Petroli unayoitoa ipokee kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Usivute petroli kwa mdomo hata mara moja. Ikiingia mapafuni inaweza kuua, na hilo si la kutishia watu.

Vifaa si vingi: geji ya presha ndogo inayosoma kuanzia 0 hadi psi 10 au 15, kiungo cha T, mpira wa mafuta wa kama mita moja, klipu za kubana, chupa yenye alama za mililita, saa, na multimita ya kupimia umeme ikiwa pampu yako ni ya umeme. Geji ya injekta inayosoma hadi psi 100 haitakusaidia. Tofauti kati ya psi 3 na psi 6 kwenye geji hiyo ni upana wa unywele.

Hatua ya kwanza: bakuli lina mafuta au halina?

Hili unalijua bila kifaa chochote, hata barabarani. Gari likizima, toa kifuniko cha filta ya hewa, hakikisha hakuna anayepiga stata, kisha tazama ndani ya koo la kabureta huku ukivuta kwa mkono ule mkono wa kabureta unaovutwa na kebo ya pedali ya mafuta. Uso uuweke pembeni, usiuweke juu ya tundu. Unatakiwa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka kila unapovuta. Ukiuona mchirizi ulionyooka na wenye nguvu, bakuli lina mafuta, na pengine ubovu wako uko kwenye umeme wa plagi. Usipoona kitu, au ukiona matone mawili yaliyochoka, endelea na mwongozo huu. Ila kumbuka, hata pampu ndogo ya kabureta inayotoa huo mchirizi inaweza kuchakaa. Kwa hiyo bakuli kavu lithibitishe kwa kulifungua kabla hujaamini.

Ukikuta koo limelowa, petroli inadondoka kwenye nozeli hali injini imezimwa, hapo ni kufurika. Ruka hadi sehemu ya presha iliyozidi.

Hatua ya pili: mfuniko wa tangi

Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Njia hiyo ya hewa ikiziba, tangi linatengeneza mvuto wa ndani unaoshindana na pampu, na pampu ya kabureta haina nguvu ya kushinda. Dalili yake ina sura yake: gari linakwenda dakika 20 au 30 sawasawa, linadhoofika taratibu, linazima, na baada ya kukaa linapona lenyewe.

Safari ijayo likizima, kabla ya kugusa kitu kingine, nenda nyuma ufungue mfuniko wa tangi polepole, sikio likiwa karibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, fsss ndefu, umempata mwizi. Gari moja nililokuwa nalo lilinisumbua miezi, na siku niliyosikia mlio ule nilibaki nimesimama na mfuniko mkononi. Kipira cha ndani kilikuwa kimevimba na kuziba kitundu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Usiendeshe bila mfuniko kama tiba. Safisha njia ya hewa au weka mfuniko wa aina ya gari lako. Magari mengine hayapumulii kwenye mfuniko bali kwenye bomba jembamba juu ya tangi, hilo nalo likague.

Hatua ya tatu: filta na mipira

Badilisha filta kama hujui ilifungwa lini, na uangalie mshale wake unaelekea kwenye injini. Ile ya zamani usiitupe. Ikauke vizuri kwenye hewa, kisha ipasue kwa msumeno wa mkono, si wa umeme. Vumbi la kahawia ni kutu ya tangi, na filta mpya nayo itaziba usiposhughulikia tangi. Vipande vyeusi laini ni mpira unaomomonyoka kwa ndani. Kabureta nyingi zina chujio kingine kidogo pale bomba linapoingilia, na watu hubadilisha filta kubwa mara tatu bila kujua hicho kipo.

Mipira iliyo kati ya tangi na pampu ya mekanika (ile inayoendeshwa na injini yenyewe) ina tabia ya kudanganya. Upande huo ni wa kuvuta. Mpira ukipasuka hapo, petroli haivuji nje bali hewa inaingia ndani, na pampu inavuta mapovu. Unaweza kulala chini ya gari na tochi usione tone. Kunja kila mpira kwa vidole. Ukiona nyufa, ukihisi umekuwa mgumu kama plastiki au laini kama ulimi, toa. Wakati mwingine ngozi ya ndani ya mpira inabanduka na kuwa kama mlango: mafuta yakienda kasi inajifunga, yakipungua inafunguka. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya petroli yenye ethanoli, na inachakaa haraka ikikutana nayo. Nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa mafuta, wenye alama ya SAE J30R9 ukiupata. Mpira wa maji au wa hewa usiuweke hata kwa siku moja.

Hatua ya nne: geji

Sasa tunapima. Chomoa hasi ya betri, weka tambara chini ya kiungo, fungua mpira unaoingia kwenye kabureta. Ingiza kiungo cha T: mguu mmoja kwa pampu, mmoja kwa kabureta, wa tatu kwa geji. Bana klipu zote. Kama kuna kidhibiti cha presha, T ikae kati yake na kabureta, kwa sababu tunataka kujua kinachoifikia kabureta. Rudisha betri, kagua uvujaji, washa.

Ukiwa na pampu ya mekanika, sindano ya geji itatetemeka kidogo. Hiyo ni kawaida, kila pigo la pampu linaonekana. Soma katikati ya mtetemo. Andika namba ikiwa silensa, kisha pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uandike tena. Presha isibadilike sana. Ikianguka kadiri unavyokanyaga, kuna kinachobana njia. Ikipanda juu ya kiwango, tutaizungumzia chini.

Kisha zima injini na uendelee kuitazama geji. Kwenye mfumo usio na njia ya kurudisha mafuta tangini, presha inatakiwa kukaa dakika kadhaa. Ikianguka mara moja, mafuta yanatorokea mbele au nyuma. Kujua ni wapi, rudia kipimo, na mara tu baada ya kuzima bana kwa kibanio cha mpira ule mguu wa T unaokwenda kwenye kabureta. Presha ikikaa, sindano ya kabureta ndiyo inayovujisha. Ikianguka vilevile, valvu ya pampu haifungi. Gari lenye njia ya kurudisha litapoteza presha haraka kwa asili yake, kwa hiyo bana na njia hiyo kabla ya kuhukumu.

Ubovu ukitokea barabarani tu, geji inabidi isafiri. Tumia mpira mrefu, geji uifunge kwa nje ya kioo cha mbele kwa gundi ya utepe, mtu mwingine aendeshe nawe usome. Kamwe usiuingize mpira wenye petroli ndani ya gari. Panda ule mlima wenye tatizo na utazame: injini ikianza kukohoa na presha bado iko psi 4, achana na mafuta ukatafute kwingine. Presha ikianza kuzama sekunde kadhaa kabla ya kukohoa, umepata ushahidi.

Hatua ya tano: ujazo

Elekeza mpira wa kabureta kwenye chupa yenye alama. Chomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili ili pasiwe na cheche, mwenzako apige stata kwa sekunde 15, pumzisha stata, halafu tena 15. Pampu ya umeme utaipa umeme bila kugusa stata. Kwenye injini kubwa kipimo kilichozoeleka ni karibu nusu lita kwa sekunde 30, injini ikiwa silensa. Kwa stata pampu ya mekanika inazunguka polepole zaidi, kwa hiyo itatoa pungufu, na injini ndogo zina viwango vidogo zaidi. Unachotaka kuona ni mapigo mazito yanayofuatana, bila mapovu. Mapovu yanakurudisha kwenye mipira ya upande wa kuvuta.

Ujazo ukiwa mdogo, usihukumu pampu bado. Ikwepe njia ya tangi: injini ikiwa imezimwa, toa mpira unaoingia kwenye pampu, uzibe, na mahali pake weka mpira mpya uliozama kwenye galoni safi la petroli, limesimamishwa imara mbali na feni na egzosi. Pima ujazo tena. Ukipanda, pampu ni nzima na ubovu uko nyuma yake: bomba limeziba au limepondwa, au kichujio cha ndani ya tangi kimejaa uchafu. Ukibaki uleule, sasa ndiyo unaweza kusema pampu.

Bomba la tangi unaweza kulipuliza kwa hewa ya presha ndogo kutoka upande wa pampu, filta ikiwa imetolewa na mfuniko wa tangi umefunguliwa. Msaidizi anayesikiliza kwenye mdomo wa tangi asikie likibwabwaja. Usipulize hewa kupitia kwenye pampu, utapasua dayaframu (utando wa ndani unaosukuma mafuta). Na kama gari linapona kwa siku mbili baada ya kupuliza halafu linarudia, uchafu umerudi kwenye kichujio. Shusha tangi ulisafishe.

Pampu yenyewe

Pampu ya mekanika ni rahisi: kemshafti (mhimili wa injini wenye vinundu) inasukuma mkono, mkono unavuta dayaframu, springi inairudisha. Springi hiyo ndiyo inayoamua presha, na valvu mbili ndogo zinaamua mafuta yaende upande gani. Mkono ukilika, mwendo wa dayaframu unapungua na ujazo unashuka. Gasketi nene kupita kiasi chini ya pampu inafanya vivyo hivyo, kwa sababu inaisogeza pampu mbali na kemshafti. Kwa hiyo unapobadilisha pampu, pima unene wa gasketi ya zamani kwanza.

Kuna ubovu mmoja wa pampu hii ambao hautaki kungoja. Dayaframu ikipasuka, petroli inaweza kushuka kwenye oili. Vuta kijiti cha kupimia oili: kama kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, na kinanuka petroli, usiwashe tena injini. Oili iliyochanganyika haishiki kwenye beringi, na mvuke ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) unaweza kulipuka. Badilisha pampu, mwaga oili, badilisha na filta yake. Pampu nyingi zina kitundu kidogo ubavuni cha kutolea ishara. Kikilowa petroli, dayaframu imeanza kwenda.

Pampu ya umeme inasukuma vizuri kuliko inavyovuta, kwa hiyo ikae karibu na tangi na chini ya usawa wake. Kabla ya kuilaumu, pima volti kwenye terminali zake ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imechomolewa. Tofauti na volti za betri isizidi nusu volti. Ikizidi, pima upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri): mguso mmoja kwenye mwili wa pampu au terminali yake hasi, mwingine kwenye hasi ya betri. Zaidi ya volti 0.2 maana yake ethi imeshika kutu. Kusugua boliti moja kwa msasa kumewahi kurudisha psi 2 zilizopotea. Pampu hii iendeshwe kupitia rilei yenye fyuzi, pamoja na swichi inayokata umeme injini ikizima au gari likigongwa. Bila hiyo, ajali ndogo inaweza kumwaga petroli kwenye moto.

Presha ikizidi

Sehemu hii naielezea kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote. Nilifunga pampu mpya ya mekanika, ile ya zamani ilikuwa inavuja kwenye mshono. Wiki ileile gari lilianza kutoa moshi mweusi na kugoma kuwaka injini ikiwa ya moto. Nilifungua kabureta, nikarekebisha floti, nikafunga. Ikapungua, ikarudi. Nikafungua tena, nikaweka sindano mpya. Ikarudi. Siku nilipoweka geji ilisoma psi 8 na nusu. Kabureta ile ilitaka 4. Pampu mpya ilikuja na springi ngumu, na mimi nilikuwa nashusha floti ili kupambana na presha ambayo sikuijua. Tangu siku hiyo kila pampu mpya naipima siku ninayoifunga.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: presha kwanza, floti baadaye. Presha inagusa kimo cha mafuta ndani ya bakuli, na ukirekebisha floti kabla ya presha utairudia kazi.

Presha ikiwa juu ya kiwango, tafuta sababu. Je, pampu ni ya gari hilo? Pampu ya umeme ya injekta haifai kabisa, hakuna sindano ya kabureta itakayoizuia. Je, gari lina njia ya kurudisha mafuta tangini? Njia hiyo ikiziba au ikikunjika, presha inapanda. Kama kila kitu ni sahihi na pampu tu ni kali, weka kidhibiti cha presha cha kabureta, kinachoweza kushuka hadi psi 1 au 2. Kile cha injekta hakishuki huko. Kifunge karibu na kabureta, mbali na egzosi, na ukirekebishe injini ikiwa silensa, ukitazama geji.

Presha ikiwa sawa na bado bakuli linafurika, sasa fungua kabureta. Itoe sindano, uisogeze kwenye mwanga na uizungushe taratibu chini ya kioo cha kukuzia. Ncha nzima ni laini kote. Iliyochoka ina pete, mfereji mwembamba unaoizunguka pale inapokutana na kiti chake, na ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Badilisha sindano pamoja na kiti chake, vimezoeana. Kipande kimoja cha uchafu pia kinaweza kuishikilia wazi, na kwa kiti usitumie waya kusafisha.

Floti ya shaba itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, imetoboka na inazama. Ili kuona tundu, izamishe kwenye maji ya moto yaliyochukuliwa mbali na jiko, mapovu yatakuonyesha. Floti ya povu gumu la plastiki haitoboki, ila inaweza kunyonya petroli miaka ikienda na kuwa nzito. Ipime uzito uulinganishe na mpya.

Joto

Petroli inaanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na chini ya boneti kuna joto zaidi ya hapo. Ikigeuka mvuke ndani ya bomba au pampu, pampu inabana mvuke badala ya kusukuma mafuta. Ethanoli kidogo kwenye petroli inafanya mvuke utokee upesi zaidi. Gari linazima kwenye foleni au linagoma kuwaka dakika kumi baada ya kuzimwa injini ikiwa ya moto.

Hapa kuna hali mbili zinazofanana zinazochanganya watu. Kwenye ile ya mvuke, hakuna harufu ya petroli na mchirizi wa hatua ya kwanza haupo. Fungua boneti, weka tambara lililolowa maji kwenye pampu ya mekanika na bomba, subiri. Kwenye nyingine, joto limepanua mafuta yaliyobaki kati ya pampu na kabureta, presha ikaishinda sindano, na injini imelowa. Harufu ni kali. Hapo kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, uishikilie bila kuipampu, na upige stata mpaka iwake.

Tiba ya kudumu ni kuyatenga mafuta na joto. Sogeza bomba mbali na manifoldi ya egzosi, livike ala ya kuzuia joto, na chini ya kabureta weka kile kibao cha plastiki ngumu kama gari lako lilikuja nacho na fundi fulani alikitoa. Njia ya kurudisha mafuta tangini inasaidia kuliko yote, kwa sababu mafuta yanazunguka muda wote badala ya kukaa mahali pamoja yakipata moto.

Kufunga kazi

Toa T, rudisha mpira bila kuukunja, bana klipu. Washa na uiache injini iungurume dakika tano huku ukipitisha kidole kila kiungo kuanzia tangini hadi kabureta, ukiepuka feni na egzosi. Kidole kikirudi kikavu, zima, subiri dakika kumi, kagua tena, kwa sababu viungo vingine huvuja mstari ukipata joto. Kisha chukua kalamu na uandike upande wa ndani wa boneti, au kwenye daftari la gari: tarehe, presha kwenye silensa, presha kwenye mizunguko 2,500, na ujazo wa sekunde 30. Siku gari litakapojikwaa tena, utaanza kwa kulinganisha na namba hizo.